Mtamba Pacha wa Dume

Mimi ni pacha wa mwanamume. Nalitanguliza hili kwa sababu kosa langu lote liliota hapo, na kwa sababu kwa miaka mingi ndilo jambo nililotamani watu walisahau. Hawakulisahau. Kijijini kwetu, juu kwenye uwanda wa Ufipa, njia ya kwenda Laela, upepo hauna mti wa kuuzuia, na mtu anayekwenda kisimani unamwona tangu anapotoka mlangoni hadi anapoinama kuchota. Mahali pa namna hiyo hakuna kinachosahaulika. Kaka alinitangulia kutoka tumboni, na mama alipenda kusema kwamba aliniachia mlango wazi kwa makusudi.

Kaka alipomaliza darasa la saba alikwenda Kasesya, mpakani, kufanya biashara ya sabuni na chumvi. Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari, halafu chuo cha mifugo. Baba aliuza maksai wake wawili wa kulimia ili mimi niende. Watu walimcheka: umeuza ng'ombe ili binti akasome ng'ombe? Baba aliwajibu kwamba wao wamekaa na ng'ombe maisha yao yote na bado hawajawasoma.

Chuoni tulikuwa wasichana watatu darasa zima. Mkufunzi wetu wa somo la uzazi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa waya pembeni, mkali, asiyependa mtu aandike kabla hajaelewa. Siku moja alichora ubaoni kitu kama punje ya haragwe, akatuambia hicho ni kiinitete cha ng'ombe, tena bado hakijawa dume wala jike. Ndani yake, akasema, kuna vinundu viwili karibu na figo, na mirija ya namna mbili, ya kike na ya kiume. Vyote vipo, vyote vinangoja kuambiwa.

"Kuambiwa na nani?" akauliza.

Akaeleza polepole. Kiinitete kikiwa cha dume, seli chache ndani ya vile vinundu huamka mapema na kutoa vichocheo vya ukuaji. Kichocheo kimoja huzifanya seli ziongezeke. Kingine huziita seli jirani zihamie pale. Kingine huziambia zijipange kuwa vijibomba, na hapo korodani inaanza kujengwa, ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Ikishajengwa kidogo tu, nayo inatoa kichocheo chake, ambacho kazi yake ni kuutafuta mrija wa kike na kuunyausha usije ukawa mfuko wa uzazi. Kimo katika ukoo uleule wa vichocheo vya ukuaji, alisema mzee, ila hiki hujenga kwa kufyeka. Sisi watu wa Ufipa tulimwelewa upesi, maana kwetu shamba linaanza kwa kuyafukia majani mabichi ndani ya tuta.

Kisha akachora punje ya pili pembeni mwa ile ya kwanza. "Sasa wakiwa pacha, dume na jike. Kwa ng'ombe makondo yao huungana na mishipa ikashikana. Damu ya kaka inapita kwa dada. Kichocheo hakijui kwamba kimeingia nyumba ya jirani. Kinafanya kazi kilikotumwa na kisikotumwa." Jike wa namna hiyo, akasema, huzaliwa mzuri, hukua mzuri, na wengi wao hawazai kamwe. Wengi, si wote.

Ndipo mwanafunzi mmoja aliyejua habari zangu akainua mkono. "Mkufunzi, na huyu pacha wetu je?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, kama afanyavyo mtu aliyechomwa. Mzee aligonga meza. Akasema kwa binadamu mishipa haiungani namna hiyo, na dada yenu ni mzima kama mama zenu walivyo wazima. Nilimwamini kwa kichwa. Lakini kwa miezi mingi kila mwezi wangu ulipochelewa hata siku moja nilishikwa na jasho, na baadhi ya wenzangu waliendelea kuniita "ng'ombe" hadi tulipomaliza.

Siku ile mzee alitugawia kila mmoja kijiti cha kioo, laini, unene wa kalamu, chenye ncha ya mviringo. Unakipaka mafuta, unakiingiza kwa upole kwenye uke wa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Kwa mtamba mzima kinakwenda ndani vizuri. Kwa aliyenyaushwa kinagota mapema, kwa sababu njia imeishia hapo. Nilikiviringisha changu katika kitambaa cheupe, na ninacho hadi leo.

Nilifanya kazi serikalini kwa muda mfupi. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Malori ya wafanyabiashara yalikuja kununua mahindi hadi mlangoni, mitumba ikajaa sokoni Sumbawanga, radio kutoka Zambia zikaimba kila kibanda. Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyokausha josho letu, maana dawa iliyokuwa ya bure ikawa ya kununua, na watumishi tukaambiwa tumekuwa wengi. Nikapunguzwa. Nilirudi nyumbani na sanduku moja na kijiti changu, na bahati ikawa kwamba kanisa lilikuwa limeanzisha mradi wa ng'ombe wa akina mama. Wakanichukua niwe bibi mifugo wao.

Mradi wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Mwanamke anapewa mtamba. Mtamba akizaa, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwanamke anayefuata kwenye orodha, na wa huyo kwa anayefuata, hadi wote kumi na wawili wapate. Kwa hiyo mtamba wa kwanza alikuwa wa wote. Akikwama yeye, wanawake kumi na mmoja nyuma yake wamekwama. Kazi yangu ilikuwa kumpima na kusema kama anafaa.

Baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara mweusi mwenye mabaka meupe, aliyempata shamba la serikali lilipokuwa likiuza mifugo yake. Ng'ombe huyo alizaa pacha mikononi mwangu, wakati nilipokuwa nimekuja likizo. Asubuhi yenye ukungu nilivuta kwanza ndama dume, halafu, nikidhani nimemaliza, nikaona kwato nyingine. Alikuwa jike. Baba alisimama pale, blanketi mabegani, akicheka hadi akakohoa. "Kama ninyi," akasema. Yule dume baadaye aliuzwa kwa mchinjaji. Jike alikua akawa mtamba mrefu, mwenye ngozi inayong'aa, na hakuna aliyepita asimsifu.

Baba alitaka mtamba wake awe wa kwanza katika mradi. Si fedha tu alizotaka, ingawa bei ilikuwa nzuri. Alitaka wale waliomcheka wasimame uwanja wa kanisa wamsikie binti yake akisema ng'ombe wa baba yake ndiye bora.

Nilimfuata zizini mchana. "Baba, mtamba huyu alizaliwa na dume. Wa namna hii wengi hawazai."

Aliendelea kuondoa samadi. Kisha akaegemea jembe. "Na wewe ulizaliwa na nani?"

"Binadamu ni tofauti, baba. Tulifundishwa."

"Nani atakayekusikiliza mpaka ufike kwenye hiyo tofauti?" Hakuwa amekasirika, alikuwa ananihurumia, na hilo lilinivunja zaidi. "Mwisho wa mwezi watu wa huyo mchumba wako wanakuja kukuposa. Haya, kawaambie kwamba jike aliyelala tumbo moja na dume ni tasa. Halafu uongeze tofauti yako, tuone kama watakuwa bado wamekaa."

Ningependa kusema nilipigana na nafsi yangu siku nyingi. Si kweli. Nilipata jibu kabla sijafika mlangoni kwa mama: mkufunzi alisema wengi, si wote. Nililishika lile neno "si wote" kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe akivuka mto.

Siku ya kupima, wanawake kumi na wawili walikaa kwenye nyasi mbele ya kanisa wakijifunika vitenge kwa baridi. Baba alivaa koti. Nilimshika mtamba meno, nikamsikiliza moyo, nikampapasa mgongo. Niliziona chuchu zake zilivyokuwa ndogo, kama za dume. Niliuona ule ushungi wa nywele ndefu chini ya mkia, ambao mkufunzi alituambia tukiuona tusimame tufikiri. Kijiti kilikuwa mfukoni, ndani ya kitambaa chake. Sikukitoa. Si kwamba nilisahau. Mtu hapimi jambo analolijua tayari.

"Umempima kila kitu?" msimamizi wa mradi akauliza.

"Kila kitu," nikasema. Nikaandika kwenye kadi: Mzima. Anafaa kwa uzazi.

Walipiga kura kwa vikaratasi kwenye kofia, na namba moja ikaangukia kwa mke wa fundi baiskeli. Nimwelezee kidogo, maana mambo yote yaliyobaki ni yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole kwa wanaomjua na mkavu kwa wasiomjua, aliyekuwa mwaka wa sita katika ndoa bila mtoto. Wenzake waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye aliitwa mke wa fundi. Mama mkwe wake, waliyekaa naye ua mmoja, alikuwa na desturi ya kuwaita watoto wa majirani waje kula, kisha kusema kwa sauti kwamba nyumba isiyo na mtoto chakula chake kinachacha. Alipoona karatasi yake, mke wa fundi alipiga magoti, akauficha uso kwa kitenge. Alipoinuka alinishika mikono yote miwili. "Dada, sasa hata mimi kwangu kutazaliwa kitu," akasema.

Nilimwambia hongera.

Mwezi ule niliposwa, na mavuno yalipokwisha nikaolewa kijiji cha pili. Kabla mwaka haujageuka nilikuwa na mimba, na sijawahi kufurahi kwa hofu kubwa namna ile. Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilificha na nikazaa. Aliyelipa ni mwingine.

Mke wa fundi alimtunza yule mtamba kupita kiasi. Alimkatia majani bondeni, akampikia pumba, akampangusa ngozi kwa gunia hadi watoto wakawa wanamwita Mama Mtamba, nusu utani na nusu kejeli, naye akaitika. Ndilo jina la umama la kwanza alilopewa. Kila nilipokwenda kutembelea aliniuliza: "Dada, ameshika joto?" Mtamba anaposhika joto hulia, hupanda wenzake, hatulii. Huyu alikula na kunenepa. Dume la mradi lililetwa mara mbili, likamnusa, likaenda zake kula nyasi.

Miezi ikawa mwaka. Wanawake wa orodha wakaanza kunong'ona, halafu wakaacha kunong'ona wakasema. Kwetu kulikuwa na imani kwamba mkono wa mgumba haufai kuotesha mbegu wala kushika kuku anayetaga, kwa kuwa ugumba unaambukiza. Mimi niliyesomea nilijua huo ni upuuzi. Nilijua pia kwamba wote walioamini upuuzi ule walikuwa na haki ya kuuliza sababu, na sababu ilikuwa imekaa mdomoni mwangu.

Siku moja ya Juni nilikwenda kwake mchana. Nilikuta ua mtupu. Mama mkwe alikuwa shambani na mwenyewe amekwenda kisimani. Nikaingia zizini peke yangu. Nikatoa kijiti, nikakipaka mafuta, nikampapasa mtamba atulie. Kiliingia kidogo, kikagota. Nikajaribu tena kwa upole, kikagota palepale. Nikaipima sehemu iliyoingia kwa kidole changu cha shahada, haikukizidi. Nilikaa chini kwenye majani makavu na tumbo langu kubwa, nikalia. Nisidanganye kwamba nilimlilia yeye peke yake. Nilijililia mwenyewe pia, kwa kuwa "si wote" yangu ilikuwa imekufa. Kisha nikajifuta, nikaondoka kabla hajarudi. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Wiki chache baadaye kikaitwa kikao cha wanawake chini ya ukuta wa kanisa, upande usio na upepo. Mwenyekiti, mama wa watoto saba, mtu wa haki katika mambo mengine yote, alinigeukia. "Wewe ndiye msomi wetu. Tuambie. Kasoro ni ya mtamba au ya mtunzaji?"

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Niliona macho ishirini na mangapi sijui yakinitazama, na nikayaona kama yanaangalia tumbo langu na kukumbuka nani alinitangulia katika tumbo la mama yangu. Niliwaza: nikisema mtamba aliyezaliwa na dume ni tasa, watasema mbona wewe. Wataisema mimba hii maneno. Wataulizana ni ya nani. Watasema baba aliuza tasa huku akijua, na bintiye akampigia muhuri. Na haya ya mwisho yalikuwa kweli.

Nikasema, "Mtamba nilimpima akiwa mzima. Mengine, elimu haina jibu la kila kitu."

Sikusema ni yeye. Niliacha tu mlango wazi wakaingia wenyewe. Mke wa fundi alikuwa amekaa nyuma. Hakulia wala hakujitetea. Alinitazama, na hakuacha kunitazama mpaka kikao kilipofungwa.

Walimnyang'anya mtamba, wakampa mwanamke mwenye watoto wanne, mwenye mkono uliokwisha kujaribiwa. Mwaka ukapita, mtamba asizae. Utadhani hapo wangefunguka macho. Walisema ameshaharibiwa na mkono wa kwanza. Wakamfuta mke wa fundi kwenye orodha, na mama mkwe akapata ushahidi aliokuwa akiutafuta. Fundi alikuwa mtu mwema lakini mwepesi kuyumbishwa. Alihamishia kibanda chake Laela, kwenye kituo cha mabasi, na huko akaoa mwingine. Hakumfukuza wa kwanza. Aliacha tu kurudi.

Mtamba asiyefaa walitaka kumchinja Pasaka. Mke wa fundi akamfuata mwenyekiti, akamnunua kwa magunia yake yote ya maharage ya mwaka ule. Watu waliona kichaa kimekamilika. Msukuma mmoja, mfugaji aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake bonde la Rukwa, upande wa Muze, na ambaye alipanda huku juu siku za mnada, ndiye aliyemfundisha amfunge nira. Mtamba yule alikuwa na mabega kama maksai. Akaunganishwa na maksai wa jirani, na mke wa fundi akawa analimia watu kwa plau, mwanamke wa kwanza kijijini kushika plau kwa malipo ya mahindi.

Mimi nilikuwa na watoto wawili, halafu watatu. Mradi ulipokufa nilifungua kibanda cha dawa za mifugo. Nilimkwepa. Nilijua siku zake za gulio nikaenda siku nyingine. Tukikutana njiani alinisalimia "Habari za watoto?" na nikajibu nzuri, nikashindwa kumrudishia swali.

Baba alipofariki, mwaka wa saba tangu mtamba apimwe, kisingizio changu cha mwisho kiliingia naye kaburini. Arobaini ilipopita nilikwenda kwake. Nilimkuta shambani, mwanzo wa mvua, yule ng'ombe mweusi wa mabaka kwenye nira pamoja na maksai, mashavu yakitafuna. Aliniona toka mbali, kama watu wote huku wanavyoonana, na hakusimama mpaka alipomaliza mstari.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalitoka ovyo. Nilimwambia mtamba alizaliwa pacha na dume, na mimi ndiye niliyewavuta wote wawili. Nilimwambia habari za korodani ya kaka inayotangulia kuamka, na kichocheo kinachopita kwenye damu hadi kwa dada, na mrija unaonyauka kabla hata mama yao hajaonekana ana mimba. "Hakukuwa na kasoro katika mkono wako," nikasema. "Hata katika yeye hakukuwa na kosa. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Alikuwa akikwangua udongo kwenye plau kwa kijiti. "Najua kwamba ulijua," akasema.

Nikamwuliza tangu lini.

"Yule Msukuma alimtazama mara moja tu mnadani, akaniambia, mayu, yaani mama, huyu ni dume aliyevaa gauni, kwetu hata mtoto anamjua. Lakini hata kabla yake nilijua. Siku ile ulipokuja na kijiti chako nilikuwa nimerudi na ndoo. Nilikuwa nyuma ya boma la zizi. Nilikuona umepima. Nilikuona umekaa chini unalia." Akaacha kukwangua. "Nikashukuru Mungu. Nikasema, msomi amelia, basi atasema. Nikaenda kikaoni na nguo yangu ya Jumapili."

Niliikumbuka ile nguo. Nilikuwa nimeiona na sikuwa nimeielewa.

"Mbona wewe hukusema?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mgumba aseme kasoro ni ya ng'ombe? Nani angenisikiliza, dada? Ulikuwepo wewe wa kusikilizwa."

Nilipiga magoti kwenye udongo ule wenye maji. Hakuniinua, wala hakuniambia nimesamehewa. Aliniuliza swali moja: Jumapili kuna kikao cha akina mama baada ya ibada, nitakuja? Nikasema nitakuja. "Mama mkwe hatasikia," akaongeza, akishika tena mikono ya plau. "Tulimzika palizi iliyopita. Nilimuuguza mimi, na alikufa akiwaomba radhi wageni kwamba nyumba yake ilirogwa na mkwe." Akamwita ng'ombe wake, wakageuka kwenye mstari mwingine.

Jumapili nilisimama. Walikuwepo watano au sita wa ile orodha ya zamani, na vijana wengi wasiojua habari hiyo. Mwenyekiti alikuwa yuleyule, sasa ana mkongojo. Nilisema yote: pacha, kijiti, kadi niliyoiandika, maneno yangu ya kikaoni. Nikangoja lile swali nililolikimbia miaka yote. Likaja. Mama mmoja wa mbele akainua kidole.

"Ngoja kwanza. Si na wewe ulizaliwa na mwanamume?"

"Ndiyo," nikasema. "Kaka yangu wa Kasesya."

"Na una watoto watatu."

"Watatu. Kwa binadamu mishipa haiungani."

"Ahaa," akasema yule mama. Mtu mmoja akacheka kidogo, mwingine akasema kumbe ng'ombe nao wana mambo. Mwenyekiti alifuta macho, akamwomba radhi mke wa fundi mbele ya wote kwa sauti iliyokatika, na wale wa zamani wakamwomba pia, mmoja mmoja. Kisha katibu akakohoa, akasoma ajenda ya pili, iliyohusu kupaka chokaa jiko la kanisa.

Nilikaa. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiogopa. Kwa ajili ya "ahaa" ile nilimtoa mwanamke mwingine asimame mahali pangu, akasimama hadi mume akaondoka na mama mkwe akafa.

Alinisubiri nje, kando ya mlango, kamba ya ng'ombe mkononi, kwa kuwa alikuwa amemfunga hapo ale nyasi za uwanjani. Tulikuwa tumesimama karibu na mahali aliponishika mikono yote miwili.

"Ulisema muda gani mle ndani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, labda dakika tano.

"Hazikufika," akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Akamfungua ng'ombe wake, wakashika njia ya bondeni kwenda kunywa maji, na kwa kuwa huku kwetu hakuna mti, niliwaona mwendo wote.